Bahasha za Mama, Soko la Jumatano

Mama yangu hatupi bahasha ya karatasi. Tangu nipate akili sijamwona akitupa hata moja. Jikoni kwetu, hapa Ibra, Uarabuni, kuna droo ambayo wageni hudhani ina vijiko. Ukiivuta inagoma, maana imeshiba bahasha. Ya mkate hutandikwa kwenye sinia chini ya sambusa ili inyonye mafuta. Ya duka la dawa hutiwa ubani, hukunjwa mdomo, huwekwa mbali na mvuke wa sufuria. Ile kubwa ya duka la nguo, yenye vishikio vya kamba, ni ya kuvundikia ndizi anazotuletea shemeji yangu kutoka Birkat al Mauz. Hufungwa, hutiwa kabatini, na ole wako uchungulie kabla mama hajaruhusu. Ndizi zikishaiva, bahasha hukung'utwa, hunyooshwa kwa kiganja, hurudi kwenye droo kungojea ndizi nyingine.

Mie nilikuwa naona haya. Nimeolewa na mtu wa hapa hapa, ukoo wao haujapata kuvuka bahari kama wetu uliotoka Unguja, na mawifi zangu wakija huleta halwa katika mabakuli ya vifuniko vya kung'ara. Mama huwarudishia visheti ndani ya bahasha ya duka la dawa. Mara moja wifi yangu mkubwa aliisoma kwa sauti ile bahasha, kwamba kilichomo kiwekwe mbali na watoto, akacheka mpaka akashika ubavu. Mama naye akacheka, kwa kuwa mama hucheka na mgeni hata anapochekwa yeye. Mie nilijitia shughuli ya kutafuta vikombe.

Basi ikaja habari ya kukatazwa mifuko ya plastiki, duka baada ya duka. Mie nauza katika soko la Jumatano, lile la wanawake. Mume wangu hunishusha getini na hapiti pale, mwanamume hana kazi ndani. Nina meza yangu kati ya bibi muuza bukhuri, ule udi wa kufukizia, na mwanamke mmoja kijana anayeuza vitambaa na nakshi za kushonwa miguuni mwa suruali za wanawake. Nauza visheti, kashata, mandazi na vitumbua, na miaka yote nilikuwa navitia katika vile vijifuko vyeupe vya plastiki. Nilirudi nyumbani nikilalama kama kila mtu. Mama alikuwa amekaa mkekani, akaangua kicheko.

"Sasa mtanitambua," akasema. "Nileteeni unga wa ngano na karatasi."

Alipokuwa msichana Unguja, baba yake alikuwa na duka la rejareja, na kazi ya mabinti ilikuwa kukunja bahasha za kufungia sukari, dengu na njugu. Waliketi sebuleni wote baada ya alasiri, sufuria ya gundi katikati. Gundi yenyewe ni uji tu wa ngano uliopikwa ukawa mzito, na mama anasema ndugu yake mmoja alikuwa akiilamba kwa siri. Zaidi ya miaka sitini imepita tangu hapo, lakini mikono yake haikusahau hata mkunjo mmoja. Hukunja karatasi katika goti, hupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo, hupaka gundi kwa kidole cha shahada, hugeuza, hubonyeza chini, basi bahasha imesimama. Watoto wangu walikuwa wakimzunguka kumtazama kama watu wanaotazama mazingaombwe.

Shida ilikuwa karatasi. Unguja walikuwa wakikunja magazeti ya Kizungu na ya Kihindi, karatasi ambazo mtu hawezi kuzikosea adabu. Huku kwetu kila karatasi ni Kiarabu. Na kwa mama, karatasi ya Kiarabu haikanyagwi, haikaliwi, haitupwi jaani mpaka ijulikane imeandikwa nini. Akiokota karatasi barabarani huibusu kwanza, huigusisha kwenye paji la uso, ndipo aulize. Ikiwa na aya, au jina la Mwenyezi Mungu, hata kama ni jina la mtoto linaloanza na Abdi kwenye jalada la daftari, huingia katika bahasha maalumu inayoning'inia msumarini, juu, pasipofika mkono wa mtoto. Ikijaa, huchomwa mahali safi, na majivu hufukiwa kwenye shina la mtende uani. Tangu nilipokuwa mdogo ile bahasha ya msumarini ipo. Mtende ule umekula majina ya Mungu mpaka mama anasema ndiyo maana tende zake tamu.

Kwa hiyo tulikubaliana. Mie nitaleta madaftari ya watoto ya miaka iliyopita na karatasi za matangazo ya maduka, yeye atachambua, zenye maneno matukufu zitapanda msumarini, zilizobaki zitakuwa bahasha. Siku za mwanzo alichambua peke yake. Halafu akaanza kuniuliza.

"Hii je?"

"Hiyo ya hesabu, mama."

"Na hii?"

"Kuku wamepunguzwa bei."

"Umetazama pande zote mbili?"

"Nimetazama, mama."

Nilimuuliza mbona haangalii mwenyewe. Akasema macho yake yamezoea herufi za msahafu, zile nono zenye irabu, na kwamba maandishi ya siku hizi membamba mno, yana haraka. Nikakubali. Kwani nilikuwa na muda gani wa kufikiri? Msahafu wenyewe alikuwa anausoma kila siku baada ya alasiri, umefunguliwa juu ya mapaja, utepe mwekundu ukining'inia pembeni, sauti yake haikwami. Nikawa najisifu kwa mawifi kwamba mama yangu kwa umri ule anasoma bila miwani.

Lakini yale maswali yalinichosha, wallahi. Nageuza vitumbua, "Hii je?" Nakanda unga, "Na hii?" Siku moja mafuta yalikuwa yamepata moto kupita kiasi, simu inalia, wanangu wanagombania chaja, naye akanyoosha karatasi juu upande wangu, "Mwanangu, hebu, hii je?" Nikamgeukia na kijiko cha mafuta mkononi.

"Mama! Una macho! Tazama mwenyewe!"

Akaushusha mkono. "Haya," akasema, akaikunja ile karatasi. Tangu siku ile hakuniuliza tena, na mie, Mungu anisamehe, nilifurahi kupata utulivu jikoni kwangu.

Bahasha zake zilipendwa sokoni. Wanawake walizigeuzageuza, wakauliza nimezinunua wapi. Nikirudi, kabla sijavua abaya, mama hutaka ripoti. Wamesema nini? Gundi imeshika? Kuna iliyopasuka chini? Nikimwambia zimesifiwa hujinyoosha mgongo. Mara moja nilimwambia apumzike, wajukuu watakunja. Akanijibu kwa ukali ambao sikuutegemea.

"Nikiacha kukunja nitakuwa nini humu ndani? Mto wa kochi?"

Sasa nifike kwenye ile Jumatano. Soko limejaa, watu wanajitayarisha kwa sikukuu. Mama mmoja wa makamo akanunua vitumbua vya wajukuu wake. Vilikuwa vya moto bado, nikavitia kwenye bahasha, akaondoka. Hakufika mbali. Nikamwona anarudi polepole, bahasha ameiinua mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Mafuta yalikuwa yamepenya, na karatasi ikipata mafuta huonyesha kila kilichofichwa ndani ya mikunjo.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

Nikatazama. Ilikuwa Alhamdu nzima, kuanzia Bismillahi, imeandikwa kwa mkono wa binti yangu alipokuwa darasa la pili, na chini yake alama nyekundu ya mwalimu. Mafuta yalikuwa yakitiririka juu yake, na kitumbua kimegandia kwenye jina la Mwenyezi Mungu.

"Astaghfirullah," yule mama akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akavimwaga vitumbua kwenye meza yangu, akaibusu ile bahasha na mafuta yake, akaigusisha kwenye paji la uso, vilevile kama mama yangu afanyavyo. Wanawake wakaanza kusogea. Mmoja akauliza nini, mwengine akajibu, na mara meza yangu ilizungukwa. Mtu akasema hii haramu. Mtu akasema waulizwe waliokula wiki iliyopita wametupa wapi bahasha zao. Hilo lilinichoma, kwa kuwa sote tulijua zilikotupwa.

Yule jirani yangu wa vitambaa, ambaye kila wiki hula kashata zangu bure, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutosha, "Watu wa Zinjibari hao. Watajuaje?"

Mie nimezaliwa Ibra. Nimesoma Ibra mpaka nikamaliza, na skuli nilipewa zawadi ya kusoma Kurani mbele ya wazazi wote. Nilikuwa na majibu ya kutosha kumnyamazisha mpaka mwaka mwengine. Badala yake nilijifunika mdomo kwa shela kana kwamba ni mimi niliyekuwa nataka kusema neno baya.

Bibi muuza bukhuri alinyanyuka kwenye kiti chake. Alitandika kitambaa safi, akachukua mrundo wangu wa bahasha, akaanza kuzifungua moja moja na kuzisoma. Nyingi zilikuwa hesabu na kuku. Lakini kila baada ya kitambo aliitenga moja na kuiweka juu ya kile kitambaa, kwa utaratibu, na kila alipoitenga wanawake waliguna. Baadhi yake zilikuwa zimekunjwa maandishi yakiwa miguu juu. Mama hakunji hivyo. Mama hata tangazo la kuku hulisimamisha sawa, anasema bahasha nayo ina uso.

"Nani amekunja?" yule bibi akaniuliza.

"Mama yangu," nikasema.

Nilisema upesi. Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Na sikukomea hapo, nikaongeza, "Mzee, bado ana mambo yake ya kule kwao." Nikaona nyuso zinalegea, wengine wakatikisa vichwa, maskini, wazee, na ile duara ikaanza kuvunjika. Nimejiokoa kwa mama yangu. Yeye ambaye hajapata kuikanyaga karatasi maishani mwake nimemwacha pale sokoni, mbele ya watu, awe ndiye asiyejua adabu.

Yule bibi wa bukhuri peke yake hakutikisa kichwa. Alifunga zile alizozitenga, akanipa mkononi. "Nenda nyumbani, binti," akasema. "Mtazame mama yako."

Sikumwelewa. Nilidhani ananiambia nikamkanye. Na njia nzima ndani ya gari nilikuwa nayapanga maneno ya kumkanya. Aibu ikinizidi mie hugeuka hasira, nimezaliwa hivyo, mume wangu anajua, akawa anaendesha tu. Niliingia ndani bila kuvua viatu.

Mama alikuwa pale pale mkekani, karibu na dirisha, bakuli la gundi upande wa kulia.

"Umerudi mapema. Zimekwisha?" akauliza kwa furaha. "Wamesema nini?"

Nikasimama mbele yake, nikaitoa ile bahasha ya Alhamdu, nikainyoosha mbele ya uso wake. "Mama, hii nini?"

"Ipi?"

"Hii!"

Alitabasamu kuelekea kwenye sauti yangu. Akanyoosha mkono kuipokea, na mkono ukapita pembeni, ukashika hewa. Ukarudi, ukapapasa, ukashika mkono wangu kwanza, halafu karatasi. Hapo ndipo alipoitambua. Akapitisha kidole gumba chini, kwenye mikunjo.

"Bahasha yangu," akasema. "Mbona imekunjwa vizuri? Ina mafuta tu. Imefanya nini?"

Jua la dirishani lilikuwa limempiga usoni, na katika mboni zake niliona ukungu mweupe, si mdogo, mkubwa, wa mtu yeyote kuuona, kama angekuwa amemtazama.

"Mafuta yamepenya, mama," nikasema. "Nitatafuta karatasi nzito zaidi."

"Basi punguza mafuta wewe," akasema. "Usiisingizie bahasha."

Nikaenda jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia. Kumbe kila kitu kilikuwa wazi. Kikombe chake ambacho lazima kikae pembe ile ile ya meza, na akikikosa hufoka nani kakisogeza. Wajukuu wakiingia, "Jitaje kwanza!" nasi sote tunacheka, tukidhani bibi anatania. Wanja uliokuwa ukipita kando ya jicho. Baada ya alasiri alipokwenda kutia udhu niliuchukua msahafu wake. Utepe ulikuwa katika Surat Yusuf, umelala hapo mpaka umeacha alama kwenye karatasi, na mie mwenyewe jana yake nilimsikia akisoma Maryam. Alikuwa anasoma alichohifadhi moyoni muda wote huo. Nami nikawa najisifu kwa mawifi kwamba hana haja ya miwani.

Nilimwambia mume wangu, tukachukua miadi ya hospitali ya macho. Lakini kumwambia mama nini kilichotokea sokoni, hapana, nisingethubutu. Nilijua kikimfikia hatagusa tena karatasi mpaka kufa. Ataweka mikono mapajani, awe kweli ule mto wa kochi, na dhambi ambayo si yake ataibeba kila sala. Nikapanga kumficha. Nilizichukua zile karatasi zote za zamani nikazitia kwenye buti ya gari, nikaenda duka la vifaa vya skuli, nikanunua robota la karatasi ya khaki, tupu, haina hata nukta. Nikampelekea mkekani, najiona mjanja.

"Karatasi nzito, mama, kama nilivyokwambia."

Akaichukua. Hakuikunja. Alipitisha kiganja upande mmoja, akageuza, akapitisha upande wa pili, akasugua kona kati ya vidole, akainusa. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na nilitamani angalau mikono yake ingekuwa haioni.

"Hii haijaandikwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Unanunua karatasi tupu, na za bure zimejaa humu ndani?"

Mama akaiweka ile karatasi chini taratibu.

"Lilikuwamo jina la Mwenyezi Mungu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Lilikuwamo."

"Watu waliona?"

"Waliona, mama."

Akaanza kuisugua mikono yake kwenye kanga, viganja, halafu migongo ya mikono, halafu viganja tena, akisoma istighfari chini chini. Nikaishika mikono yake ili aache. Nikamwambia si yeye, ni mimi, mimi niliyemjibu vibaya jikoni siku ile, na mimi niliyemtaja sokoni mbele ya watu ili nisemwe vizuri. Nilimwambia yote, nikilia mpaka kamasi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nataka kukwambia siku ile ile," akasema. "Ndiyo nilikuwa naanza kukwambia. Uliponambia nina macho, nikaona haya kukwambia sina."

Hakusema kwa kunilaumu, na afadhali angelaumu. Alitafuta ncha ya kanga yake, akaipata, akanifuta uso, akakosea akanifuta sikio kwanza.

Halafu akauliza zile karatasi za zamani ziko wapi. Nikasema kwenye gari. Akasema nizilete, na zile bahasha zilizokwisha kukunjwa nizilete pia, zote, ashike moja moja, asije akaacha deni kwa Mola wake. Nikazileta. Tukakaa mkekani, mimi na yeye, yeye akichukua na kunyoosha karatasi juu, upande wa sauti yangu.

"Hii je?"

"Hesabu, mama. Kugawanya."

"Na hii?"

"Hii ya msumarini." Akaibusu kabla ya kunipa.

"Hii je?"

"Kuku, mama. Na mchele."

Mpaka adhana ya magharibi ilipoanza zilikuwa hazijesha. Alinyoosha mkono kutafuta nyingine, akashika ile ya khaki, ya dukani. Aliijua kwa vidole, najua aliijua. Akainyoosha juu vilevile.

"Na hii?"

Nikaipokea. Nikaigeuza upande mmoja, nikaigeuza wa pili, nikaisogeza dirishani penye mwanga uliobaki.

"Haina kitu, mama."

"Umetazama pande zote mbili?"

"Nimetazama," nikasema.